Farasi Waliozidi

Pedali zilikuwa zimesogea.

Bi Valvu aliingia garini asubuhi ile kama kawaida yake, akanyoosha mguu kutafuta klachi, mguu ukapapasa hewa. Katika gari lile kiti hakisogei. Kimefungwa moja kwa moja kwenye mwili wa gari ili kupunguza uzito, na pedali ndizo zinazosogezwa kumfuata dereva. Jana jioni, kabla ya kufunga karakana, alizivuta karibu kabisa, maana yeye ni mfupi, kipande cha mtu. Sasa zilikuwa zimesukumwa hadi mwisho wa reli zake, pale alipozipenda mtu mmoja mwenye miguu mirefu kama korongo.

Akatulia tuli. Nyuma ya mgongo wake injini, ambayo haikuwashwa tangu jana, ilikuwa ikilia ti... ti... ti... kama chuma kinachopoa baada ya safari ndefu.

Karakana yao ilitengeneza magari machache mno, ya mbio za kutisha, na kila moja liliunganishwa kwa mkono. Mwili ulikuwa wa nyuzi za kaboni, mwepesi hata mlango ungeuinua kwa kidole. Breki zilikuwa za kauri, za kusimamisha radi. Injini ilikuwa ya silinda kumi na mbili, na sheria ya karakana ilikuwa kwamba kila injini ijengwe na mtu mmoja, tangu boliti ya kwanza hadi ya mwisho. Ya gari hili aliijenga Bi Valvu. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake kwa sababu alikuwa akisikiliza valvu, vilango vya pumzi za injini, kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa.

Mumewe, huyo wa miguu mirefu, alikuwa dereva wa majaribio. Walimwita Kipanga. Siku aliyokufa alikuwa akilijaribu gari lililotangulia, katika mwendo ambao mtu ukipiga chafya unakuta barabara nzima ya majaribio imekwisha, tairi likapasuka. Gari lilisagika, na Kipanga alikata roho kabla wenzake hawajamfikia. Injini peke yake ilitoka nzima, bila mkwaruzo. Mhandisi mkuu alitaka itupwe. Bi Valvu akamsihi amruhusu aifunge kwenye gari linalofuata.

"Ndicho kitu cha mwisho alichokigusa," alimwambia. Nani angemkatalia mjane?

Asubuhi ile, basi, alizirudisha pedali mahali pake, akavaa helmeti yenye kipaza sauti na spika za sikioni za kuongea na chumba cha vipimo, akawasha. Injini ikaamka kwa mngurumo wake mzito. Na hapo ndani, ghafla, kukanukia karafuu. Kipanga hakuwa akishika usukani kabla hajatafuna karafuu. Lakini nyuma ya harufu ile kulikuwa na nyingine, hafifu, kama ya nywele zilizoungua.

"Usiikimbize ikiwa bado baridi, mke wangu," sauti ikasema sikioni mwake.

Alitazama kioo cha chumba cha vipimo. Hakukuwa na mtu. Akaivua helmeti. Kisha akaivaa tena. Hilo ndilo kosa lake, kama kupenda ni kosa.

Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alifika kabla ya wenzake, akawasha, akasikiliza. Sauti haikusema makubwa. Ilimuuliza kama amelala, ikamtania kwa ufupi wake, ikamwita mke wangu, mke wangu, mpaka akajiona amefufuka yeye, si mumewe.

Siku moja alisahau chakula nyumbani, na mama mkwe, ambaye tangu mazishi alikuwa akiishi naye, akamletea mchana, saa ambayo mafundi wote wametoka kwenda kula. Mama alipita kando ya gari, akasimama na bakuli mkononi.

"Nani anatafuna karafuu humu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama, twende nje."

"Nimekuuliza nani, mwanangu."

Bi Valvu hakuweza kumdanganya mama wa marehemu. Akamfungulia mlango, akawasha injini, akamvalisha helmeti iliyompwaya kama chungu kichwani. Mama akasikiliza. Kisha akaanza kucheka, machozi yakimtiririka, akisema, "Baba, baba, umekula?"

Tangu hapo alikuja kila mchana. Alikaa kiti cha abiria akaongea na mwanawe, na Bi Valvu aliwaachia nafasi. Mwanzoni mama alitoka akiwa na uso wa bibi harusi. Baadaye alitoka akiwa na mikono ya baridi. Kisha kikaja kipindi ambapo jua la utosini lilikuwa likichoma bati la karakana, na vioo vya gari lile vikawa vimefanya ukungu kwa ndani, kama nyumba inayopumua.

Mhandisi mkuu hakujua habari za majini, alijua namba. Walikuwa wakilipima gari juu ya roli kubwa za chuma, ambapo magurudumu huzunguka kwa kasi yote na gari lisiende popote, na mashine ikasoma nguvu za farasi. Namba zilikuwa zikipanda.

"Umeifanya nini injini hii?" akauliza, akisugua viganja. "Farasi wamezidi tena."

"Sijaigusa."

"Basi endelea hivyo hivyo kutoigusa!" Akacheka.

Bi Valvu hakucheka. Alijua injini haitoi kisichoingia. Mafuta yalikuwa yale yale, hewa ile ile. Farasi wale waliozidi walikuwa wakilishwa nini?

Jioni ile alimsaidia mama mkwe kuoga. Alipomwinua, akamwinua kama kanga iliyokauka kwenye kamba. Mbavu zilihesabika. Mdomo ulikuwa wa buluu, na pumzi yake ilinuka nywele zilizoungua. Bi Valvu akakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

"Mama," akanong'ona, "yule si yeye."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Usinifundishe sauti ya mwanangu."

"Anakula, mama. Anakula wewe."

"Nilimnyonyesha akiwa mdogo," mama akasema. "Akitaka, na ale."

Mganga aliyeitwa na Bi Valvu alikuwa mtu mnene wa makamo, fundi saa kwa kazi yake, na uganga aliurithi kwa shangazi. Alilizunguka gari kwa mbali.

"Usiniambie nipande," alisema. "Mimi hata bembea inanitia kizunguzungu." Kisha akanusa, na utani ukamwisha usoni. "Huyu hana sauti yake. Anaazima ya maiti, anaishi kwa pumzi ya waliofiwa. Injini ndiyo nyumba yake, dada, nawe ndiye mjenzi. Mimi nitamzuia asikurukie. Kubomoa ni kwako."

Bi Valvu alielewa maana ya kubomoa. Katika injini ile kulikuwa na kifaa cha kuizuia isizunguke kupita kiasi, ili isijivunje. Akakitoa. Mchana ule mama mkwe hakuweza hata kushuka kitandani. Alikuwa amelala nyumbani, jirani akimshika mikono, akilia abebwe apelekwe kwa mwanawe.

Gari likafungwa minyororo juu ya roli. Mganga akasimama kwenye kona, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Bi Valvu akavaa helmeti, akawasha, akapandisha gia moja baada ya nyingine, na harufu ya karafuu ikajaa hata ikamchoma macho.

"Mke wangu, polepole," sauti ikasema. "Unaniumiza."

"Sema wewe ni nani!" mganga akapaza.

Karafuu ikakatika kama iliyozimwa. Ikabaki nywele zilizoungua. Sauti iliyokuja haikuwa ya mtu, ilikuwa kama upepo kwenye bomba tupu.

"Nilikuwa pale barabarani kabla hawajamwaga lami. Alianguka juu yangu. Pumzi yake ya mwisho niliinywa mimi."

"Alisema nini?" Bi Valvu akauliza.

"Usimuulize!" mganga akapiga kelele. "Dada, usimuulize kitu!"

"Alikuita wewe," upepo ukajibu. "Alikuita kama mtu anayerudi nyumbani akakuta mlango umefungwa." Na mara sauti ikawa ya Kipanga tena, laini, ya asubuhi kitandani. "Izime, mke wangu. Nikae. Nitakuita hivyo kila siku."

Mguu wake ukalegea juu ya pedali. Mshale ukaanza kushuka. Kisha akamwona mama mkwe kama alivyomwinua bafuni, akafumba macho, akakanyaga mpaka sakafuni, na injini ikapaa kupita alama nyekundu, ikaacha kunguruma ikaanza kulia, kilio chembamba kilichopanda juu ya sauti ya mganga na juu ya minyororo iliyokuwa ikigongana na vioo vilivyokuwa vikipasuka kimoja kimoja, na ndani ya kilio kile mumewe alikuwa akimwita, akimbembeleza, akimuuliza amemkosea nini, naye akilia akimjibu hukunikosea, mume wangu, hukunikosea, na mguu wake haukuinuka, mpaka chuma kikapasua ubavu wa injini, mafuta meusi yakaruka ukutani, na kila kitu kikanyamaza.

Mganga alimkuta ameukumbatia usukani.

Mama mkwe alipona. Rangi ilimrudia, akaanza kula, akatembea mpaka uani. Lakini hakusema na Bi Valvu. Siku aliyoweza kukaa alimwambia neno moja tu, "Umemuua mara ya pili," akageukia ukuta. Wakaishi hivyo, nyumba moja, vikombe viwili, kimya kimoja. Bi Valvu hakujitetea. Usiku na mchana alikuwa akilibeba lile neno alilolisikia. Jini ni mwongo, huenda lilimtungia. Lakini huenda halikumtungia, na katika dunia nzima hakuwa na kingine cha mumewe.

Asubuhi moja alikuwa akifagia, mama akamwita kutoka mlangoni pa chumba chake. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kama mtoto anayejifunza kusimama.

"Siku ile barabarani," akasema. "Mwanangu. Ulipata kujua alisema nini?"

Bi Valvu akaweka ufagio chini.

"Alikuita wewe, mama," akamwambia.

Mama akateleza taratibu mpaka chini, akaanza kulia kilio alichokuwa hajakilia tangu mazishi, na Bi Valvu akapiga magoti akamshika. Yeye hakulia. Neno lile alikuwa amelitoa lote.