Gitaa Nililomtengenezea Adui Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, mgane, naishi hapa Bagamoyo na binti yangu Mwajuma. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nimeruka huku nikaangukia kule, nivumilieni. Mwajuma amekataa kuniandikia. Kasema aibu hii niiandike kwa mkono wangu mwenyewe.

Haya, naandika.

Maisha yangu yote nimefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Chumvi ina tabia mbaya, ikishaingia kwenye nyufa za vidole haitoki. Mpaka leo nikinawa nasikia inachoma... Lakini hayo si ya leo. Ya leo ni gitaa.

Ujanani tulikuwa na bendi hapa mjini, mimi na rafiki yangu Maulidi. Gitaa la umeme tulikuwa nalo moja tu, tukipokezana. Mimi napiga kwa mkono wa kulia kama watu wengi. Maulidi ni mtu wa mashoto. Zamu yake ikifika analigeuza juu chini, uzi mnene unakuja chini, mwembamba unakwenda juu, naye anapiga hivyohivyo. Hakuna aliyemfundisha. Watu walitoka mbali kuja kuutazama mkono ule, na mimi nilikuwa pembeni nampigia makofi. Mjinga mimi!

Nyimbo nilikuwa natunga mimi. Mmoja niliutunga nilipokuwa namposa Tatu, marehemu mke wangu. Unaanza na solo, solo inapanda, inapanda mpaka juu kabisa, halafu vyombo vyote vinanyamaza. Pale kwenye kimya ndipo jina linaimbwa peke yake: Tatu! Watu walikuwa wanapasuka kwa vigelegele. Tatu mwenyewe anajifunika uso kwa kanga, lakini jicho moja analiacha nje.

Baba yangu akafariki Miono. Nikaenda msibani, nikakaa huko mpaka mambo ya urithi yakaisha, maana ndugu zangu wa kule ni watu wa maneno mengi, shamba la minanasi tu liligombaniwa kama jumba la ghorofa. Hayo nayo tuyaache. Niliporudi nikakuta Maulidi amekwenda Dar es Salaam na vijana wa bendi, wamerekodi wimbo wangu, umeshaanza kupigwa redioni. Na pale kwenye kimya... anaimba Zena!

Zena ni mke wake.

Nilimfuata nyumbani. Nikamuuliza, Maulidi, umenifanyia nini? Hata hakusimama. Akasema, "Jina la Zena lilikaa vizuri kwenye maikrofoni, bwana."

Nyie, mngekuwa mimi mngefanya nini? Mimi niliondoka. Bendi nikaiacha, nikabaki na chumvi yangu. Tangu siku hiyo mimi na Maulidi tulikuwa tunakutana kwenye misiba tu, salamu ya midomo, basi. Yeye akawa mtu mkubwa. Kila anapopita ni mzee wetu Maulidi, mzee wetu Maulidi. Na wimbo haukufa! Miaka na miaka redio inaupiga, na Tatu anausikia akiwa jikoni anakuna nazi.

Mwaka jana Tatu aliugua. Siku moja nimeketi naye, jirani kafungua redio, ukaja wimbo ule. Ikafika pale pa kimya. Tatu akatabasamu, akaniambia, "Huyo Zena ana bahati."

Alikuwa anatania. Hakuimaliza wiki.

Wasomaji, nilipotoka makaburini nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Nitasimama mbele ya Maulidi, mbele ya mji mzima, nitaupiga wimbo wangu, na pale kwenye kimya nitaimba jina la mke wangu. Nimwone atauficha wapi uso wake!

Lakini nitapiga na nini?

Hapo nikakumbuka Miono. Wakati ule wa msiba wa baba, kwenye duka moja pale nililiona gitaa la umeme, jipya, ndani ya boksi lake. Zamani zile duka lilikuwa linapokea linacholetewa, si linachoagiza. Lori lilishusha majembe, kanga, na gitaa la umeme! Kijiji hakina hata nguzo moja ya umeme. Nani atalinunua? Mwenye duka alilipandisha darini.

Nikaifunga baiskeli yangu juu ya basi, nikaenda. Mwenye duka amekwishafariki, nikamkuta mjane wake, Bi Mwanahawa, kikongwe anayecheka kila anapomaliza kusema. Aliniambia gitaa lipo, panya wamelikataa na wanunuzi wamelikataa. Akaitamani baiskeli kwa ajili ya wajukuu zake. Tukabadilishana. Nilirudi Bagamoyo nimelipakata boksi kama mtoto mchanga, wala sikulifungua njiani, naogopa vumbi.

Nikalipeleka moja kwa moja kwa Pius, fundi redio wa karibu na soko. Huyu ni mtu wa bara, mpole, watu wa misikiti na wa makanisa wote humpelekea vipaza sauti vyao. Tukafungua boksi. Jamani! Jekundu, linang'aa, limefungwa kwenye karatasi ya nta, halijapigwa na mtu tangu litoke kiwandani. Nilitaka kulia.

Pius akaliinua, akalitazama huku na huku, akakohoa.

"Mzee wangu, hili ni la mashoto."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Katika magitaa yote ya dunia, Miono wakaletewa la mashoto? Nikamwambia aligeuze, alipange nyuzi za mtu wa kulia. Akasema inawezekana, ila kuna jambo. Gitaa lile tumboni, pale shingo inapoanzia, limekatwa upande mmoja, mwanya wa kupitisha mkono kufuata sauti za juu. Mimi nikilishika kwa mkono wa kulia, mwanya unakuwa juu, na chini, mkono unapopita, pana ubao mtupu.

"Kule juu kabisa hutafika, mzee."

Nikamjibu kwamba yeye ni fundi redio na mpiga gitaa ni mimi. Hasira ilikuwa imeniziba masikio.

Basi akafanya kazi. Nyuzi za zamani zilikatika kwa kutu zilipoguswa tu. Tukaagiza mpya kutoka Kariakoo. Shingo ilikuwa imepinda, akaingiza spana pale kichwani, akakaza ule ufito wa chuma uliopita ndani, robo, anapumzika, robo tena, kama anamkanda mgonjwa. Vifungo vya sauti ukivizungusha vilikuwa vinakwaruza, akavisafisha kwa spiriti. Waya mmoja ulikuwa umeachia, akautia lehemu. Kile kidaraja cha shingoni kinachoshika nyuzi kilikuwa na mifereji ya mtu wa mashoto, uzi mnene haukuingia. Nikaenda buchani nikaomba mfupa wa ng'ombe, Pius akauchonga kwa tupa siku nzima mpaka kila uzi ukalala mahali pake. Nyuzi zote zikapangwa nitakavyo mimi, mtu wa kulia.

Siku alipolichomeka kwenye spika, nikapiga uzi mmoja tu... Watu wa sokoni waligeuka wote. Nilicheka peke yangu. Maulidi, umekwisha!

Nyumbani nikafanya mazoezi nimeketi kitandani, gitaa nimelilaza mapajani kama sinia. Nikilikumbatia kwa juu, mkono ulikuwa unafika. Kwa shida, lakini unafika. Mwajuma alikuwa ananitazama mlangoni. Akaniuliza, "Baba, hili unampigia mama au unampigia mzee Maulidi?" Nikamwambia akatazame mboga zake.

Ikaja harusi ya mjukuu wa Maulidi. Alasiri, uwanja umejaa, bendi ya vijana kutoka Dar, maspika kama makabati. Mshereheshaji nilimwambia mimi ni mwenzake babu wa bibi harusi tangu zamani, nina zawadi ya wimbo. Alifurahi mno! Watu wakapiga makofi. Maulidi ameketi mbele na mkongojo wake, Zena ubavuni mwake.

Nikaisogelea maikrofoni iliyosimama kwenye stendi yake. Nikasema, "Wimbo huu mmeusikia miaka mingi na jina la kuazima. Leo mtausikia na jina lake lenyewe."

Zena aliinamisha kichwa. Wallahi, niliona raha...

Sasa jamani, kiti kilikuwepo. Kilikuwa nyuma yangu palepale! Lakini ningeketi mbele ya Maulidi kama mgonjwa? Nikavaa mkanda begani, nikasimama kama kijana.

Nikaanza solo. Ikapanda, vijana wa ngoma wakanifuata, watu wakaanza kuinuka. Ikapanda tena. Mkono wangu ukafika kwenye ule ubao, ukagonga, ukakwama. Gitaa limesimama wima, siwezi kulikumbatia kwa juu kama kitandani. Nikasukuma. Likatoa sauti ya mbuzi anayekabwa.

Nikarudia. Mbuzi yuleyule.

Kicheko kilianzia kwa watoto, kikapita kwa akina mama, kikafika kwa wazee wenzangu. Jasho linaingia machoni. Nikatamani ardhi inimeze.

Maulidi akainuka. Akaja polepole na mkongojo wake, akanyoosha mkono.

"Lete hapa, bwana Rajabu. Umelishika upande wa mwenzako."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Sijui kwa nini nilimpa. Akalivaa, akaligeuza kama zamani. Uzi mnene ukaja chini, mwembamba ukaenda juu, vilevile alivyozoea tangu ujana wake. Na ule mwanya wa mkono, ambao gitaa letu la zamani lilimnyima siku zote, ukamjia palepale mkononi. Mnaelewa, wasomaji? Mashoto anayepiga nyuzi zilizogeuzwa! Katika Bagamoyo nzima yupo mmoja tu, na mimi nilikuwa nimemtengenezea gitaa lake, hadi mfupa nimemchongea!

Alipiga solo yangu. Ikapanda ikafika juu kabisa, safi, haikukwama popote. Nilimchukia kuliko siku zote.

Halafu akanyamazisha nyuzi. Ngoma zikanyamaza. Pale pa jina.

Nikasubiri aseme Zena.

Hakusema. Alinitazama. Mkewe yuko mbele yake, wageni wake wote wanasubiri, naye ananitazama mimi tu, na maikrofoni ilikuwa bado iko mbele ya mdomo wangu. Akanitikisia kichwa kidogo.

Na mimi? Nilijiambia siwezi kupokea kitu kutoka kwenye mkono ule. Aaibike mwenyewe na kimya chake! Nikafumba mdomo.

Akasubiri... akasubiri... kisha akaendelea na wimbo. Jina halikuimbwa.

Alipomaliza alinirudishia gitaa kwa mikono miwili. Akasema taratibu, mimi tu nisikie, "Nilikuachia nafasi yake, Rajabu. Kumbe hukuja kwa ajili yake."

Mwajuma alitembea mbele yangu njia nzima hadi nyumbani. Gitaa liko uvunguni ndani ya boksi lake, jekundu, linang'aa.

Msidhani nimemsamehe Maulidi. Sijamsamehe. Lakini nawaomba, nyie mnaokesha mkipanga kulipa kisasi kwa ajili ya mtu wenu, jiulizeni mapema kabisa mnakwenda kwa ajili ya nani. Mkipewa nafasi ya kusema mlichokwenda kusema, semeni, hata kama anayewapa ni adui.

Maulidi alimnyima Tatu jina lake mara ya kwanza. Mara ya pili nilimnyima mimi, tena maikrofoni ikiwa mdomoni mwangu.