Kisanduku cha Morse cha Bénie

Kila siku baada ya masomo, Bénie alipita kando ya soko la samaki la Kashikishi hadi karakana ya mjomba wake, Tonton Kalenga, fundi wa redio. Hapo yeye na Méschac, mwenzake wa gredi ya saba, walijifunza Morse, yaani kuandika kwa milio: nukta fupi na mistari mirefu.

Bénie hakuwa mtoto wa kuficha furaha. Kwa wiki sita alikuwa ameunda kisanduku cha umeme cha kutumia Morse, chenye vibao viwili. Ukigusa cha kulia kinatoa nukta, cha kushoto mistari, yote kwa kipimo kimoja. Jumamosi kingeunganishwa na mtambo mkongwe wa Tonton wa kurusha mawimbi, ule wenye vali, chupa za glasi zinazotumia umeme mkali. Wazazi wangesikiliza Bénie akituma ujumbe wa kwanza kwa Davison, rafiki wa Tonton aliyeko mji wa mbali wa Mansa. Mtaa mzima ulikwisha kuambiwa, na kuku pia!

Ijumaa Tonton alitoka kidogo. Sheria yake ilijulikana: asiyepima umeme kwa mita hakai kwenye mtambo. Lakini Bénie alikulia kati ya sola na betri za taa za wavuvi, ambako watu huunganisha waya kwa vidole vitupu wala hawadhuriki. Akakichomeka kisanduku kwenye mtambo ili akijaribu. Kisanduku kikanuka moshi, na mtambo ukalia mlio mmoja usiokatika. Akauzima haraka.

Tonton aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni.

"Méschac, ni weye uligusa hii mashini?"

"Hapana, Tonton! Miye nilikuwa nafagia tu inje."

Bénie alitazama vidole vya miguu yake. Akikiri, kiti cha kesho mbele ya mtambo kimekwenda. Akinyamaza, Méschac atabeba mzigo usio wake. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

"Ni miye, Tonton. Sikupima."

Tonton hakugomba. Aliwasogeza nyuma, akapima mwenyewe panapochomekwa kisanduku.

"Bon, muone: volti mia moja na makumi tano. Transista yako, hii kadude kanakatishaka umeme, inavumilia makumi ine tu. Huyu muzee wa vali hachezake na batoto."

Kutoka kwenye taa ya umeme iliyokufa, alichomoa transista inayovumilia volti mia nne. Bénie aliilehemu kwa makini, Tonton akajaribu, na kisanduku kikaimba tena.

Jumamosi kiti kilikuwa cha Méschac. Bénie alisimama karibu na mama yake. Nukta zikatoka safi. Punde Mansa ikajibu, na Tonton akasoma kwa sauti:

"Davison anauliza: ni nani alitengeneza hicho kisanduku? Anasema nukta zake zimenyooka."

Méschac alimtazama Bénie, akatabasamu, akatuma herufi tano polepole: B, E, N, I, E.

Mama alipiga vigelegele. Bénie alicheka na kulia kwa pamoja.

"Musikie, batoto," akasema Tonton. "Kila fundi anaunguzaka kitu. Lakini huyu hakuacha mwenzake abebe kosa lake. Ndiyo maana leo jina lake limefika Mansa, na hakuna mutu hapa wa kulionea haya. Bénie, kesho kutwa kiti ni chako."

"Asante, Tonton," akajibu Bénie, kichwa juu. "Na mita nitaishika miye."