Kwa Ridhaa ya Dada Lovina

"Niache hapa, Sidsel. Nenda zako."

"Nikuache kwenye theluji, halafu Mungu nimwambie nini? Hebu nyamaza, Jeppe!"

Miguu ya Jeppe ilikuwa imeganda, vidole vimekuwa vyeusi. Tangu asubuhi Sidsel alikuwa akimvuta kwa mkokoteni peke yake. Kwao Denmark walivunjiwa madirisha kwa sababu ya dini yao ya Kimormoni, wakaapa kufunga ndoa Utah, Marekani, kwa Wamormoni wenzao, ambako hakuna wa kuwatukana. Sasa Utah ilikuwa bado maili mia tatu, na unga ulibaki kikombe kimoja kwa siku.

Ndugu Orme, mwenye gari la ng'ombe katika msafara wao, akaja tena.

"Dada Sidsel, umefikiria? Kubali uwe mke wangu wa pili, kijana wako apande garini. Kwa mkokoteni hafiki kesho."

"Mkeo ameridhia?"

"Lovina? Kwa moyo mweupe kabisa!"

Sidsel alimtazama Jeppe, roho ikamuuma vibaya sana.

"Basi nimekubali."

"Sidsel, bora nife!" Jeppe alilia.

"Ufe? Thubutu!"

Kwa desturi ya Wamormoni, mke mkubwa ndiye anayemkabidhi mke mdogo kwa mume. Sidsel akamfuata Lovina garini.

"Dada Lovina, ahsante kwa kuniridhia. Nimekuja unikabidhi kwa mumeo."

"Nikukabidhi? Nani kakwambia nimeridhia?"

Sidsel akamweleza yote, machozi yakimtiririka. Lovina akatoa kichwa nje.

"Orme! Jana nilikuomba tumpandishe yule kijana, ukasema ng'ombe watakufa. Leo umeona msichana, ng'ombe wamepata nguvu?"

"Mke wangu, ni mapenzi ya Mungu..."

"Koma! Mungu usimsingizie tamaa zako!"

Watu wakasimama kutazama. Orme akainamisha kichwa. Lovina akaruka chini na blanketi lake.

"Mpandisheni mgonjwa, nafasi yangu ni yake. Mimi nitavuta mkokoteni na Sidsel, maana hema na unga wao vimo humo. Na kapteni wa msafara aitwe, awaozeshe hawa sasa hivi."

Ndoa ilifungwa pembeni ya gari, bibi harusi akitetemeka, bwana harusi amelala chali.

"Mke wangu," Jeppe alinong'ona.

Sidsel alimbusu, akarudi kwenye mkokoteni akilia kwa sauti.

"Dada Lovina, na akifa njiani?"

"Atakufa akiwa mume wako, si mtu wa kuachwa kwenye theluji. Haya, shika huku tuvute."