Mistari Minane ya Biasha

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Biasha alikuwa akimsuka dada yake. Walikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya Biasha pale Malolo, Mwantumu mbele, Biasha nyuma na kitana cha mti mdomoni. Biasha alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mistari yake yote ililalia kushoto, na wanawake wa Malolo wakimwona mtu njiani walijua ni nani aliyemsuka. Mistari minane, haipungui wala haizidi. Akimaliza, humgonga dada yake begani mara mbili kwa ncha za vidole na kusema, "Haya, inuka twende."

Mara nyingi hapakuwa na pa kwenda, labda kisimani. Lakini ndivyo mama yao alivyokuwa akisema alipowasuka utotoni, na Biasha alikuwa mtu wa kutunza maneno ya mama.

Hilo lenyewe lilimkera Mwantumu. Yeye ndiye mkubwa. Yeye ndiye aliyechezwa unyago kwanza, akaolewa kwanza, na kwao mkubwa hatanguliwi, iwe kunawa mikono au kupita mlangoni. Ila mumewe alikwenda mashamba ya mkonge akapotelea hukohuko, na mtoto hakumpata. Biasha, aliyekuja nyuma, alimpata Shaibu, mwanamume asiyejua kukaa bure, na mikorosho yake, na binti mmoja, Mwamina, mwenye macho ya bibi yake. Mama yao alipokuwa anakufa kwa kidonda cha titi, alikuwa akizinduka na kumwita Biasha, na aliyekuwa amemshika mkono ni Mwantumu. Kuna wivu wa kuja na kuondoka. Wa Mwantumu ulikuja na mzigo wake ukahamia.

Mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na tatu, Mwantumu aliona uvimbe kwenye titi la kulia. Hakuumwa, lakini alijua ni nini, maana aliuona ukianza hivyohivyo kwa mama. Miezi miwili baadaye Biasha naye akafungua khanga akamwonyesha wa kwake. Mwantumu alilia naye, na huku analia moyo wake ukawa unanung'unika kwamba hata ugonjwa, mdogo wake hakuweza kumwachia peke yake.

Wakasikia habari za Nachingwea. Zile nyumba ndefu za mabati zilizoachwa baada ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga kuvunjika, moja ilikuwa imepata daktari, Mzungu mwenye ndevu nyekundu. Alikuwa akitafuta wanawake ishirini wenye uvimbe kama ule. Shaibu aliwapandisha kwenye lori la ufuta, wakaenda, wakapewa pa kulala hukohuko.

Daktari hakuwaficha. Alisema ana dawa mpya ya kansa, na kwamba haijulikani bado kama inaponya au inaua, ndiyo maana anaijaribu. Kila Alhamisi, wiki kumi na mbili, kila mmoja atachomwa sindano. Wengine watachomwa dawa, wengine maji ya chumvi. Nani anapata nini hakuna ajuaye, hata yeye mwenyewe hajui. Karatasi yenye siri hiyo ilikuwa imefungwa kwa nta, imewekwa Dar es Salaam, na chupa zilikuja zimeandikwa namba tu. Kila mwanamke alipewa kibati cha namba avae mkononi kwa uzi wa katani.

Vibati viligawiwa kwa foleni. Mwantumu alikuwa mbele ya mdogo wake, kama inavyopasa, lakini mwiba ukamchoma akainama kuutoa, na dresa, msaidizi wa daktari, akaita, "Anayefuata." Biasha akasogea. Alipewa namba nne. Zilizobaki zilichanganywa tena kwenye kikapu, Mwantumu akapewa tisa.

Dresa huyo aliitwa Eustakio, kijana mnyoofu aliyekuwa akikataa hata yai la kuchemsha. "Mimi sitazami sura, mama," aliwaambia. "Natazama kibati."

Wiki ya kwanza tu Biasha alitapika mpaka akalala chini. Ya tatu, nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Mwantumu hakutapika hata mara moja, na mwanzoni alimshukuru Mungu na kumpa mdogo wake pole nyingi kuliko kawaida. Wiki ya tano Biasha akamwita, akamshikisha titi lake. Uvimbe uliokuwa kama korosho ulikuwa umebaki kama punje ya choroko.

Wa Mwantumu ulikuwa umekua.

Hakulala vizuri tangu siku ile. Namba nne ilikuwa yake. Ile foleni ilikuwa yake, na mwiba ule tu ndio uliompora. Hakujiambia kwamba anataka Biasha afe. Alijiambia kwamba Biasha ameshapona, dawa iliyobaki inamwagwa bure kwenye mwili usioihitaji tena. Na yeye anataka kuishi. Alitaka kuishi kwa nguvu iliyomtia aibu, mwanamke asiye na mume wala mtoto wa kumlilia.

Mumewe alikuwa amemfundisha namba, alipokuwa akipima ufuta mnadani. Biasha hakuzijua. Wiki ya sita ilipokuwa inaisha, Jumatano mchana, Biasha alikuwa amelala kwa uchovu. Mwantumu alifungua nyuzi zote mbili taratibu. Kila uzi ukarudi kwa mwenyewe. Vibati tu ndivyo vilivyohama. Kile cha namba nne kilikuwa na vishimo vinne pembeni, kama kimegongwa na msumari. Hakuvijali.

Kesho yake, Alhamisi ya wiki ya saba, Mwantumu alichomwa sindano kwa namba nne. Hakufika mlangoni akatapika. Alitapika huku anacheka, na wanawake wengine wakadhani joto limempanda kichwani.

Nywele zake zikaanza kudondoka. Uvimbe ukaanza kulainika. Kitu kimoja tu kilimsumbua: Biasha naye hakuacha kutapika. Kila Alhamisi, kwa namba tisa, namba ya maji, Biasha alirudi akijikokota ukutani. Midomo ikamchubuka. Kucha zikawa nyeusi. Mwantumu alimtazama Eustakio kwa jicho la pembeni, akaamini kijana anampendelea mdogo wake kwa siri. Hata hapo alimwonea wivu. Daktari alikuwa Lindi mwezi ule, na hapakuwa na wa kuuliza.

Alhamisi ya wiki ya kumi na moja, saa saba mchana, Biasha alimwashiria dada yake ainame.

"Dada," alinong'ona. "Sindano ikiingia, mimi huwa nang'ata kibati changu."

Akainua mkono wenye kibati.

"Wiki ya saba nilikuta hiki hakina alama za meno."

Nje mtu alikuwa anatwanga. Mwantumu alihesabu mapigo ya mchi ili asisikie kinachofuata.

"Nilijua siku ileile. Nikasema sawa. Wewe ndiye mkubwa." Biasha akavuta pumzi ndefu. "Ila bado naungua, dada. Kama dawa unayo wewe, mimi naungua nini?"

Hakusubiri jibu. Alikufa kabla mchi haujanyamaza.

Walimzika Malolo, kwenye makaburi ya ukoo nyuma ya shamba la mbaazi. Baada ya arobaini wazee wakakaa, na kwa desturi ya kwao neno halikuwa refu: mke akifa, ndugu yake ndiye anayeshika jiko lake ili watoto wasilelewe na mgeni. Mwantumu aliozwa Shaibu. Akapata nyumba, mikorosho, mkeka na Mwamina. Uvimbe ulikwisha kabisa. Kila alichokuwa akikitamani kwa miaka ishirini kilikuwa mikononi mwake, na usiku alilala usingizi mzito.

Mchana ndio ulioharibika.

Nywele zake ziliota upya, laini na nyekundu kidogo kwenye paji. Za Biasha zilikuwa hivyo. Shaibu aliziona, akatoka nje. Karibu mwaka ukapita, zikafika urefu wa kusukika.

Alhamisi moja Mwantumu alikuwa anapukuchua mbaazi kwenye mkeka, nyuma ya nyumba. Jua kali. Akasinzia akiwa ameketi. Alipozinduka alihisi ngozi ya kichwa imevutwa upande mmoja. Akapeleka mkono. Mstari mmoja, juu ya sikio. Umekazwa vizuri.

Umelalia kushoto.

"Mwamina," aliita. Mtoto alikuwa anachezea maganda, hatua chache tu. "Nani amenishika kichwa?"

"Mama."

"Mama yako ni mimi."

"Huyo wa nyuma," alisema Mwamina, na akaendelea na maganda yake.

Alhamisi ya pili hakukaa nyumbani. Alikwenda shambani, akalima wima, macho wazi. Saa saba alipofunua kilemba kujifuta jasho, mistari ilikuwa miwili. Ya tatu alikaa jikoni, mgongo umegusa ukuta. Hakusinzia. Alivihisi vidole. Vilikuwa baridi, na vilijua kazi. Vilipofika kwenye kisogo vilitulia kidogo, kama mtu anayechukua kitana mdomoni.

Alijaribu kufumua. Nyuzi za nywele zilikataa, kana kwamba zilifungwa kutoka ndani. Baada ya mstari wa nne akachukua wembe wa Shaibu, akanyoa kichwa chote, siku ya Jumatano, akachoma nywele jikoni mpaka nyumba nzima ikanuka. Akalala amejishika upara.

Alhamisi saa saba nywele zilikuwepo. Mistari mitano.

Alimweleza shehe, akasomewa. Sita. Alikwenda makaburini akaomba radhi kwa sauti, akalia mpaka akakauka. Saba. Na hapo ndipo alipoanza kuhesabu kilichobaki, na kukumbuka maneno ambayo Biasha huyasema akimaliza.

Asubuhi ya Alhamisi ya nane Eustakio alifika kwa baiskeli. Alikuwa anawazungukia wanawake waliobaki hai kati ya wale ishirini, na walikuwa saba. Alimtazama Mwantumu kilemba chake, afya yake, akafurahi kweli. Daktari amefungua karatasi ya siri, alisema, sasa kila mmoja ana haki ya kujua. Akatoa daftari.

"Jaribio lilikuwa la zamu, mama. Sisi wenyewe hatukujua. Namba zilizoanza na dawa, wiki ya saba zilipewa maji. Zilizoanza na maji, wiki ya saba zikapewa dawa. Ili mwisho wake kila mmoja apate." Akapitisha kidole. "Namba nne, dawa wiki sita, kisha maji. Namba tisa, maji wiki sita, kisha dawa."

Mwantumu alirudia kichwani, polepole, kwa namba alizofundishwa na mumewe. Biasha alikuwa nne, akapata dawa. Kisha akawa tisa, akapata dawa. Dawa ya watu wawili iliingia mwili mmoja.

Na yeye alikuwa tisa, maji. Akawa nne. Maji.

Angekaa kimya siku moja tu, asifungue nyuzi zile, Alhamisi ileile angechomwa dawa yake mwenyewe.

"Maji ya chumvi," aliuliza, "yanatapisha mtu?"

"Hayatapishi."

"Yanang'oa nywele?"

Eustakio akacheka kidogo. "Maji, mama? Hayafanyi kitu." Kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. Akaomba kibati, maana Daktari alivitaka vyote virudi. Mwantumu akaingia ndani, akakitoa chini ya mto alikokificha tangu msiba. Kilikuwa na unyevu. Vishimo havikuwa vinne tena. Kilikuwa kimetafunwa pande zote, na bado kilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka kinywani sasa hivi. Akakifunga kwenye kitambaa, akampa kijana, na baiskeli ikapotea kwenye vumbi la njia ya Ruangwa.

Alikaa kitako muda mrefu. Tumbo lililotapika zile Alhamisi zote lilikuwa limetapishwa na dawa iliyoingia mwilini mwa mdogo wake. Biasha aliungua, yeye akapona. Na katika hofu yake yote, kitu cha zamani kikamchoma moyoni palepale kilipozoea: hata kwenye kupona kwake, mdogo wake alikuwa ametangulia. Hakuna alichowahi kukipata ambacho hakikupitia mkononi mwa Biasha kwanza. Alimchukia. Akamlilia. Akashindwa kujua kipi kati ya hivyo viwili ni kikubwa.

Saa saba hakukimbia. Alitandika mkeka nyuma ya nyumba, akaketi mbele, akaacha nafasi nyuma yake. Akavua kilemba.

Mwamina alikuwa kizingitini. Yeye ndiye aliyesimulia baadaye. Alisema mama mkubwa alikuwa ameinamisha kichwa, akiongea kidogo kidogo, na mara moja alisema, "Usikaze sana." Kisha wakanyamaza. Kisha bega la Mwantumu likatikisika mara mbili.

Shaibu alimkuta amekaa vilevile, macho wazi, hana pumzi.

Walioosha maiti ile walikuwa wanawake watatu. Hawakuona uvimbe, wala kovu. Kama inavyotakiwa, walifumua nywele zote, na safari hii zilifumuka bila shida. Wakaziosha, wakazisuka mafundo matatu kama ya maiti yeyote wa kike, wakayalaza kisogoni. Wakageuka kuchukua sanda, wote watatu kwa pamoja, kwa muda wa kukunjua kitambaa tu.

Walipogeuka tena, mistari ilikuwa minane, nayo imelalia kushoto. Hawakuifumua mara ya pili. Mkubwa wao alifunika uso wa maiti haraka, na kwenye bega la kulia, pale ambapo maji yalikuwa yamekwisha kukauka, palikuwa na alama za vidole viwili, bado mbichi.