Rezo Iliyokwama

Kila Jumapili baada ya misa, Jean-Marie alivuta kiti mbele ya kompyuta nyumbani kwake Uvira. Alimpigia dada yake mkubwa, Akimana, aliyezoea kumwita yaya, aliyekuwa mgonjwa Bujumbura, wakaongea wakitazamana. Simu ya Jean-Marie ilikuwa ya vibonye tu, haikuonyesha sura. Mtandao, au rezo, ulitoka kwa jirani yao Naomie, fundi wa kompyuta, aliyewagawia kwa wema.

Jumapili moja kompyuta ikakataa. Hakuna mtandao.

"Naomie amenikatia rezo," Jean-Marie akamwambia mkewe, Élisabeth.

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Asiyekutaka hakuambii toka."

Akafunga kompyuta, akaifunika kwa kitenge. Naomie alipomsalimu njiani, aliitikia kwa midomo tu.

Akimana akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imefifia.

"Mudogo wangu, nataka kuona uso wako."

"Ngoja kidogo, yaya. Mashine iko na shida."

Akimana akangoja. Hakungoja sana. Akafariki.

Naomie alikuja kuwapa pole. Élisabeth akamweleza habari ya kompyuta.

"Minye nikate rezo, Papa?" Naomie alishangaa. "Simu yangu inaipata hapa hapa. Leta hiyo mashine."

Akakaa karibu na Jean-Marie.

"Kile kisanduku changu cha rezo kinaipa kila mashine namba yake. Ni kama anwani ya nyumba. Jumapili ile umeme ulikatika. Uliporudi, pengine mashine mbili zilijikuta na namba moja. Hapo rezo inakwama. Kwanza zima mashine, uiwashe tena. Ikikataa, iombe namba mpya."

Wakaizima na kuiwasha. Bado. Naomie akaandika cmd penye sehemu ya kutafutia programu, dirisha jeusi likafunguka. Humo akaandika ipconfig /release.

"Sasa imeachia namba ya zamani. Weye andika huu mustari wa pili, wa kuomba namba mpya."

Jean-Marie akaandika polepole, kwa kidole kimoja: ipconfig /renew. Akabonyeza. Wakasubiri kidogo, rezo ikarudi.

Hakufurahi.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, Papa."

"Yaya aliomba kuniona. Na minye nilikununia weye bure."

"Nilikuwa hapa, nyuma ya ukuta," Naomie akasema taratibu. "Ungeniita tu."

"Nisamehe, mama."

Tangu hapo, rezo ikikwama, Jean-Marie huandika mistari ile miwili mwenyewe. Ikishindikana, huenda kubisha kwa Naomie siku hiyo hiyo.

Jumapili iliyofuata alimpigia Divine, binti wa Akimana. Sura yake ikatokea kwenye kioo, safi kabisa.

"Mjomba," Divine akasema, "mama alikuwa anauliza kama umekonda."

Jean-Marie akasogeza uso karibu na kamera.

"Niangalie weye, mwanangu," akasema. "Niangalie vizuri."