Tunda Lililozikwa Sindo

Kezia alikuwa anaosha sufuria za matanga wakati meseji ilipoingia kutoka namba asiyoijua.

"Mama Celestine, ni mimi Joash. Waache wazike hilo yago kesho. Usiambie mtu niko hai."

Aliisoma mara tatu, sufuria ikamtoka mkononi.

Hebu nikueleze mambo yalivyokuwa hapo Sindo. Mumewe Joash na mdogo wake Levis walikuwa wanajeshi ng'ambo ya mpaka. Kambi yao ilivamiwa miezi saba iliyopita, waliosalia wakarudi nyuma kwa miguu, na hao ndugu wawili hawakuonekana tena. Sasa, kwa Waluo, mtu akipotea bila mwili, familia huzika tunda la yago, lile refu zito la porini, ili naye awe na kaburi kwao. Mama yao, Emmaculate, alikuwa amechoka kungoja. Akatafuta mayago mawili, makaburi mawili yakachimbwa. Na Kezia alijua vizuri: yago la Joash likishaingia chini, Joash ni marehemu. Hata aje akitembea, hakuna mzee wa pale atakayemfungulia lango.

Akapiga ile namba, mikono bado ina povu. Simu ikapokelewa na mwanamume aliyejitambulisha kuwa Wangwe, askari mwenzake Joash, yuko kwake Suna anauguza mguu.

"Shemeji, huyu mtu yuko kwangu wiki ya tatu," akasema. "Hali chakula, halali usiku. Kuja umchukue."

Kezia hakuaga mtu. Alijifunga leso, akapanda bodaboda, na saa nane mchana alikuwa Suna.

Alimkuta Joash nyuma ya nyumba anapasua kuni. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Kumwona mkewe tu, akaweka shoka chini, akaketi. Njia nzima Kezia alikuwa amempangia maneno makali, lakini yote yakamwisha mdomoni. Alimpenda huyu mtu, na alikuwa hai.

Joash akamsimulia polepole. Walitoka kambini watu ishirini na sita, bunduki nyingi hazina risasi. Mchana walijificha vichakani, giza likiingia wanatembea. Hakuna aliyetaja kushindwa. Walizungumza habari za chai, nani mkewe anapika chai tamu kuliko mwingine. Levis alikuwa na risasi tumboni. Joash alimbeba mgongoni siku mbili, mpaka magoti yakakataa. Afisa akasema twendeni.

"Nilimwacha chini ya mti, Kezia. Alikuwa ananiita, na mimi nikaendelea kutembea."

"Alikuwa bado hai?"

"Alikuwa hai."

Kuku wa Wangwe walikuwa wanachakura kwenye maganda ya kuni.

"Ndiyo maana niliwatoroka wenzangu mpakani, nikajificha miezi yote hii. Sasa nirudi kwa mama na miguu yangu yote miwili, nimwambie nini?" Joash akauliza. "Acha nizikwe tu. Wewe bado kijana, utapata maisha."

"Miezi saba wazee wananiambia ninyolewe kama mjane, nimekataa," Kezia akasema. "Wananiita kichwa ngumu. Leo wewe ndiye unaniambia nikanyolewe? Kama unaogopa kurudi kwa mama, rudi kwangu. Mimi sikukuacha."

Joash akafunika uso kwa mikono, akalia. Kezia akaketi kando yake, akamwacha alie mpaka akamaliza.

Asubuhi Wangwe akatafuta gari la jirani, akaapa kwamba mguu mbaya haumzuii kumsindikiza rafiki. Walipofika Sindo, mayago mawili yalikuwa yamelazwa ndani ya lango, yamefunikwa shuka nyeupe. Waombolezaji wakarudi nyuma, mmoja akakimbia. Joash akasimama nje ya lango, hakuthubutu kuingia.

Emmaculate alikuja polepole. Alimtazama mwanawe, kisha akatazama nyuma yake, ndani ya gari.

"Levis?"

"Nilimwacha njiani, Mama. Alikuwa hai, nikamwacha."

Mama yule alirudi hatua moja, Kezia akadhani atageuka aende zake.

"Ulimwachia maji?"

"Chupa yangu yote. Na koti."

"Basi hakufa na kiu," Emmaculate akasema, akamshika mkono. "Ingia, nyathina. Wewe ni mtoto wangu. Kuja umzike ndugu yako."

Wazee walinong'onezana kidogo. Kaburi haliachwi wazi likishachimbwa, kwa hiyo wakakata mgomba, wakauzika mahali pa Joash. Yago lake Kezia mwenyewe alilibeba kwa mikono miwili, akalitupa mbali nyuma ya boma, akarudi akipangusa viganja kwenye leso.

La Levis vijana walitaka kulibeba kwa machela. Joash akakataa. Akainama, akaomba awekewe mgongoni. Alitembea nalo kutoka langoni hadi kaburini, na safari hii hakumwacha njiani. Akamlaza chini mwenyewe, akatia udongo wa kwanza.

Alipoinuka, Kezia alikuwa amesimama hapo hapo na nywele zake zote kichwani, amemnyooshea mkono.

"Twende nyumbani, Baba Celestine," akamwambia. "Nimebandika chai."