Marahaba ya Holdeni Mpya

Mama alinituma nikanunue mafuta ya taa kwa Mzee Isihaka, hapa Kibuta. Tatu, mdogo wangu wa miaka mitano, akaning'ang'ania. Nikaenda naye.

"Wahini nyumbani," Mzee Isihaka alisema, akiziba chupa kwa gunzi. "Meneja wa shamba la mkonge ameagiza gari jingine, Holdeni mpya. Ile ya zamani iliondoka na baba yenu. Hii nasikia ina meno kabisa."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Baba yangu, Kondo, alikuwa dereva wa meneja. Mwaka juzi Mto Ruvu ulifurika ukalichukua gari akiwa ndani. Gari lilitolewa. Baba hakuonekana. Ndipo nikaachishwa shule, darasa la nne. Na Tatu, kila akisikia gari, hukimbilia barabarani kumpokea.

Tulipofika kwenye mikorosho, giza lilianza kuingia. Kisha...

Honi. Mbili fupi, moja ndefu.

Honi ya baba.

Gari lilisimama mbele yetu. Injini sikuisikia. Lilikuwa Holdeni, mgongo uleule wa mviringo, lakini usoni lilikuwa na chuma kipya, kinene, kama meno yaliyokenuliwa. Lilinuka tope la mtoni. Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe.

Ndani niliona kofia ya baba. Mabega ya baba. Uso sikuuona.

"Marahaba, wanangu," sauti yake ilisema. "Pandeni."

"Baba," Tatu alinong'ona, akanyanyua mguu.

Nilimvuta mkono mpaka akalia. Sikuwa nimesema shikamoo. Wala Tatu. Na baba yangu, hata uwe na ndoo ya maji kichwani, alikutazama kimya mpaka umwamkie. Hakuwahi kuitikia salamu ambayo hajapewa.

"Marahaba, Swaumu..." Sasa sauti ilikuwa sikioni kwangu. "Marahaba..."

Ilikuwa inaidai shikamoo yangu.

"Tatu, usimwamkie," nilisema. Kisha nikaligeukia gari. "Wewe si baba. Shikamoo yangu huipati. Na huyu humchukui."

Maji yakadondoka ndani ya gari. Tone... tone... Mlango ukajifunga taratibu, na gari likarudi kinyumenyume gizani.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mzee Isihaka alisema ni Twalibu, dereva mpya, alikuwa akilijaribu gari. Ijumaa Twalibu akapita nalo. Meno yaleyale.

"Nimelitoa bandarini jana, dada," aliniambia. "Jipya kabisa. Ila viti vya nyuma nilivikuta vimelowa."

Mama anataka nisitoke magharibi. Nitatoka. Nikijifungia, kitu kile kitajua ninakiogopa.

Honi bado inalia kila jioni, mbili fupi, moja ndefu, na Twalibu anaapa si yeye. Tatu hakimbilii tena barabarani. Hukaa kizingitini akitabasamu, na midomo yake huanza, "Shi..."

Namziba kwa kiganja.

Jana aliniuma mpaka damu ikatoka. Sikuutoa mkono.